Sili ya oili ikivuja kwenye dizeli ya zamani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa mwenye Hiace au Hilux yenye injini ya dizeli ya Toyota 2L, 3L au 5L, zile ambazo bado zinabeba abiria na mizigo ingawa umri umeshakwenda. Mwenye dizeli nyingine ya rika hilo atapata mengi ya kumfaa, ila akumbuke kwamba mpangilio wa mikanda na vifuniko hutofautiana kati ya injini na injini.

Sili ya oili ni kitu gani?

Ni pete ya chuma iliyovikwa mpira, yenye mdomo mwembamba upande wa ndani na springi ndogo inayoubana mdomo huo juu ya shafti. Injini yako inazo kadhaa: moja mbele ya krankshafti (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) nyuma ya pulei, moja nyuma yake mbele ya fulaiwili (gurudumu zito linaloshika klachi), na nyingine kwenye kamshafti (shafti inayofungua valvu). Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, mdomo wa sili ya krankshafti unasuguliwa mara 50 kila sekunde. Unavumilia kwa sababu haukai juu ya chuma kikavu. Kati yake na shafti kuna utando mwembamba sana wa oili. Utando huo ukikosekana, mpira huungua, ukawa mgumu, ukapasuka.

Nimekuta matone chini ya gari. Nitajuaje kama ni oili ya injini?

Chukua tone kwa kidole, liangalie, linuse. Oili ya injini ya dizeli huwa nyeusi tititi siku chache tu baada ya kumwagwa na kuwekwa mpya. Oili ya gia ni nzito zaidi na ina harufu kali ya kiberiti. Dizeli ni nyepesi, ina harufu isiyofichika na huacha vidole vikiteleza. Mafuta ya pawa stelingi mara nyingi ni mekundu, au ya kahawia kama yamechakaa.

Fundi amesema ni sili ya nyuma na giaboksi lazima lishuke. Nikubali?

Usikubali bado. Hapa ndipo watu wanapopoteza fedha nyingi kuliko mahali pengine popote katika kazi hii, kwa hiyo nitalieleza kwa kirefu.

Oili hushuka, na gari likiwa linakwenda upepo huisukuma nyuma. Kwa hiyo oili inayotoka popote juu ya injini huishia kudondokea pale pale chini ya nyumba ya klachi, mahali ambapo sili ya nyuma ingedondokea. Ukichungulia kwa chini unaona nyumba ya klachi imelowa, na ni rahisi kabisa kuilaumu sili. Wakati huo huo mkosaji yuko juu, hajaguswa.

Kabla ya giaboksi kushuka, kagua haya kwa tochi. Kwanza gasketi ya tapeti kava, yaani kifuniko cha juu kabisa cha injini, hasa kona za nyuma. Injini nyingi za Toyota zina kipande cha mpira chenye umbo la nusu mwezi mwishoni mwa silinda hedi, chini ya tapeti kava. Kikikauka, oili huteremka mgongoni mwa injini moja kwa moja hadi kwenye nyumba ya klachi. Pili, swichi ya presha ya oili, ambayo huvuja katikati, pale waya unapoingilia. Tatu, filta na kikalio chake. Nne, oltaneta.

Ndiyo, oltaneta. Injini ya dizeli ya aina hii haina mvuto wa hewa wa kutosha kusaidia breki kama ya petroli, kwa hiyo Toyota walifunga pampu ya vakyumu mgongoni mwa oltaneta. Pampu hiyo hulainishwa kwa oili ya injini, nayo inaletewa oili hiyo kwa bomba dogo na kuirudisha kwenye injini kwa hozi ya mpira. Hozi hizo hukauka zikapasuka, na sili ya shafti ya oltaneta nayo huchoka, oili ikaingia ndani ya oltaneta yenyewe. Ukiona oltaneta imelowa oili na taa ya chaji inawaka mara kwa mara, umeshapata pa kuanzia, na haina uhusiano wowote na giaboksi.

Kisha tofautisha sili ya nyuma ya krankshafti na sili ya mbele ya giaboksi. Zote mbili humwagia ndani ya nyumba ile ile ya klachi. Harufu ya kiberiti itakuambia ni ipi. Vilevile angalia viwango: kama oili ya injini haipungui lakini ya giaboksi inapungua, injini haina kosa.

Injini yangu yote imejaa matope ya oili na vumbi. Nitaonaje chanzo?

Huwezi. Ioshe kwanza. Pakaza dizeli au dawa ya kuoshea injini, sugua kwa brashi, suuza, iache ikauke. Funika oltaneta na mdomo wa kuvutia hewa kwa nailoni kabla ya kumwaga maji, na usipige maji ya presha kwenye pampu ya dizeli injini ikiwa ya moto.

Ikishakauka, nyunyiza poda ya kawaida ya watoto kwenye sehemu unazozishuku, washa injini hadi ipate moto, endesha kilomita chache, kisha tazama. Oili huchora mstari wake kwenye poda. Fuata mstari kwenda juu mpaka unapoishia; hapo ndipo penye tatizo. Kuna pia rangi maalumu ya kuchanganya na oili, inayong'aa kwa taa ya urujuanimno. Gereji zenye vifaa wanayo, na kwa uvujaji mdogo unaojificha inasaidia sana.

Kwa nini sili hufa?

Umri na joto ndiyo sababu ya kawaida. Sili za bei rahisi hutengenezwa kwa mpira wa nitraili, ambao huanza kuwa mgumu joto likikaa karibu na nyuzi 100 kwa muda mrefu. Akrili huvumilia hadi karibu 150, na ule wa florini hadi karibu 200. Gari lililosimama miaka nalo huharibu sili, kwa sababu mdomo hukauka mahali pamoja.

Lakini kuna sababu ambazo sili mpya haitaziponya, na fundi anayezipuuza atakurudisha gereji. Ya kwanza ni shafti yenye mfereji. Mdomo wa mpira ukisaidiwa na vumbi na masizi hukata chuma kidogo kidogo kwa miaka, ukachimba mfereji mwembamba. Ya pili ni beringi kuu za krankshafti zilizolika: shafti inayumba, na mdomo hauwezi kuifuata. Ya tatu ni presha ndani ya injini. Hiyo inastahili swali lake.

Mafundi husema "injini inapumua". Inahusiana nini na sili?

Inahusiana sana. Kila pistoni inaposhindilia hewa, kiasi kidogo hupenya kando ya ringi (pete za pistoni) na kushuka chini kwenye sampu, bakuli la oili. Hewa hiyo lazima itoke, na hutoka kwa bomba la kupumulia linalotoka juu ya injini na kurudi kwenye njia ya kuvuta hewa. Ringi zikichakaa, hewa inayopenya huongezeka. Bomba likiziba kwa masizi na oili iliyoganda, hewa haina pa kwenda. Kwa vyovyote, presha hupanda na kuisukuma oili kupitia sehemu dhaifu kuliko zote, ambayo mara nyingi ni sili.

Pima hivi: injini ikiwa ya moto na inaunguruma taratibu, fungua kifuniko cha kujazia oili na ukilaze juu ya tundu lake. Moshi mwepesi ni jambo la kawaida kwa dizeli yenye umri. Kikirukaruka na moshi ukatoka kwa mapigo mazito, kuna presha. Anza na kilicho rahisi: vua bomba la kupumulia, lipulize, lioshe kwa dizeli, kagua kama hozi imejikunja. Ukikuta limeziba, huenda umeshamaliza tatizo kwa gharama ya dizeli kidogo tu. Kama liko wazi na mapigo yanaendelea, basi ringi na silinda zimechoka, na sili mpya utakayoweka itavuja tena mapema.

Kuna hatari nyingine hapa ambayo kila dereva wa dizeli anapaswa kuijua. Oili nyingi ikivutwa kupitia bomba hilo hadi kwenye silinda, injini inaweza kuanza kuchoma oili yake yenyewe na kupandisha mzunguko bila mtu kukanyaga. Kuzima ufunguo hakusaidii, kwa sababu hailishwi tena na pampu. Kwenye gari la gia za kawaida, kanyaga breki kwa nguvu, weka gia ya juu kabisa, achia klachi ili injini ikwame. Au ziba mdomo wa kuvutia hewa kwa ubao. Usizibe kwa mkono kamwe.

Naweza kuendelea kuendesha huku natafuta fedha?

Inategemea inavuja wapi na kwa kasi gani.

Unyevu tu, au tone moja moja usiku kucha: endesha, ila pima oili kwa dipstiki kila asubuhi kabla ya kuwasha, gari likiwa mahali tambarare. Weka lita moja ya akiba ndani ya gari.

Sili ya mbele ya krankshafti au ya kamshafti: usicheleweshe. Kwenye 2L, 3L na 5L sili hizo ziko nyuma ya kava la mkanda wa taimingi, ule unaozungusha kamshafti. Oili ikiulowesha mkanda, mpira huvimba, meno hulegea na kung'oka. Injini hizi zina mgandamizo wa karibu 22 kwa 1, maana yake pistoni ikiwa juu nafasi iliyobaki ni ndogo mno. Mkanda ukikatika, valvu hugonga pistoni, na kazi ya sili moja inageuka kuwa kazi ya hedi nzima.

Sili ya nyuma inapoanza kulowesha klachi: utahisi gari linanguruma lakini haliendi, hasa kwenye mlima. Klachi pleti iliyonywa oili haioshwi ikarudi kama zamani. Itabidi ibadilishwe.

Taa ya oili ikiwaka barabarani, zima injini hapo hapo. Usijiambie utafika.

Vipi dawa za kuongeza kwenye oili ili kuzuia uvujaji?

Dawa hizo hulainisha na kuvimbisha mpira. Kwa sili iliyokuwa ngumu bila kupasuka, unaweza kupata nafuu ya muda. Kwa sili iliyochanika, shafti yenye mfereji au injini inayopumua, umetupa fedha.

Kuna watu hushauri kumwaga mafuta ya breki kwenye injini kwa lengo hilo hilo. Usifanye. Mafuta ya breki ya kawaida hayachanganyiki vizuri na oili, yanaharibu ulainishaji wa beringi, na mpira yatakaoulainisha hauchaguliwi: ni kila sili na kila gasketi ndani ya injini.

Nikiweka oili nzito itapungua?

Kidogo. Kutoka 15W-40 kwenda 20W-50 (namba za uzito wa oili zilizoandikwa kwenye galoni) ni jambo la kawaida kwa injini iliyochoka kwenye joto la Dar es Salaam, Mombasa au Tanga. Kwa anayewasha gari alfajiri Njombe au Limuru ningebaki na 15W-40, kwa sababu oili nzito ikiwa baridi huchelewa kufika juu, na kuchelewa huko ndiko kunakokula kamshafti. Chochote utakachochagua kiwe oili ya dizeli, iliyoandikwa CF-4 au CI-4 kwenye galoni.

Nichague sili gani dukani?

Nenda na ya zamani mkononi. Vipimo vimechapwa usoni: kipenyo cha ndani, kipenyo cha nje na unene, kwa milimita. Namba za sili za Toyota huanza na 90311, na kampuni ya NOK ya Japani ni miongoni mwa zinazowatengenezea viwanda vya magari vya Japani. Kariakoo ya Dar es Salaam au Kirinyaga Road ya Nairobi utaziona za bei zote, pamoja na zilizovaa boksi la jina kubwa bila kustahili. Kagua mdomo kwa kidole: uwe laini, mkali, bila mabaki ya mpira, na springi yake ikae sawasawa pande zote.

Jambo moja ambalo wengi hawaliangalii ni mshale. Baadhi ya sili zina vichirizi vya mshazari ndani ya mdomo, vinavyorudisha oili ndani shafti inapozunguka. Sili hiyo ina upande wake wa kuzunguka, na mshale uliochorwa juu yake ndio unaouonesha. Ukifunga ya upande wa kinyume itakuwa inasukuma oili nje, na utaihukumu kuwa mbovu ilhali ni nzima.

Bei ya sili ni ndogo ukilinganisha na kazi ya kuifikia. Sioni sababu ya kubana hapo.

Kubadilisha sili ya mbele kunakwendaje?

Tenganisha betri, toa feni na mikanda ya nje, kisha bolti ya pulei ya krankshafti. Bolti hiyo hukazwa kwa nguvu nyingi. Tumia kishikio cha pulei na spana ndefu, si ujanja wa kuipigia stata spana ikiwa imeegemezwa kwenye chesisi. Spana ikichomoka inavunja mkono. Toa pulei, kava la taimingi, zungusha injini hadi alama zikae mahali pake, ndipo mkanda utoke.

Kata mdomo wa sili ya zamani kwa kisu, kisha ing'oe kwa bisibisi iliyofungwa tepu nchani. Mkwaruzo mmoja kwenye shafti utavuja maisha yote ya injini, kwa hiyo fanya taratibu. Safisha kikalio, paka grisi mdomoni mwa sili mpya, igonge polepole kwa kipande cha bomba chenye kipenyo kinachokaribia chake, iingie sawasawa kuzunguka mpaka ilingane na ukingo. Usipake silikoni mdomoni.

Ukiwa hapo badilisha pia sili ya kamshafti, mkanda wenyewe na beringi ya kukazia. Mkanda huo kwa kawaida huhesabiwa kilomita 100,000, na taa ya T-BELT kwenye dashibodi ipo kwa ajili hiyo. Angalia pia kama pampu ya dizeli inavuja kwenye shafti yake, maana dizeli nayo inaua mkanda. Ukishafunga, zungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili ya krankshafti na uhakikishe alama zimerudi. Ikigoma kuzunguka, usilazimishe, fungua uangalie.

Na ya nyuma?

Hii ni siku nzima ya kazi, na gari liwe juu ya stendi imara. Matofali na mawe hupasuka. Giaboksi lishikwe kwa jeki yake.

Propela shafti, giaboksi, presha pleti, klachi pleti na fulaiwili hutoka kwa mfuatano huo. Sili iko ndani ya kibebeo kilichofungwa kwa bolti mgongoni mwa bloku. Inaweza kung'olewa kibebeo kikiwa mahali pake, lakini gasketi ya kibebeo ikionesha unyevu, kitoe chote, na uzibe vizuri pembe zinazokutana na sampu. Kabla ya kufunga, sukuma krankshafti mbele na nyuma kwa nondo. Mchezo ukisikika wazi, pima kwa geji: beringi za kuzuia msukumo zimelika, na hilo lishughulikiwe sasa.

Maadamu giaboksi liko chini, badilisha sili yake ya mbele, rilizi beringi na pailoti beringi. Bolti za fulaiwili zikazwe kwa mpishano, hatua kwa hatua, kwa spana ya kupima mkazo, kufuata kipimo cha kitabu cha injini yako.

Krankshafti ina mfereji. Lazima nitoe injini?

Si lazima. Pitisha ukucha; kama unakwama, sili mpya mahali pale pale haitadumu. Njia ya kwanza ni kuisogeza sili milimita moja au mbili ndani au nje, kama kikalio kinaruhusu, ili mdomo uguse chuma kisicholika. Njia ya pili ni slivu, yaani bomba fupi la chuma lisilofika unene wa nusu milimita, linalovishwa juu ya shafti ili sili ipate uso mpya. Ukilainisha shafti kwa msasa, zungusha kufuata duara lake, kamwe usisugue kwa urefu. Mikwaruzo ya urefu ni mifereji ya kupitishia oili.

Mercedes 240D yangu haina sili ya mpira nyuma. Mbona?

Injini ya OM616 na ndugu zake hutumia kamba iliyosukwa badala ya pete ya mpira. Kuibadilisha kunahitaji kufungua injini kwa chini, na kamba lazima ishindiliwe na kukatwa kwa kipimo. Mpe fundi aliyewahi kuifanya. Unyevu kidogo kwenye injini hizo usikutie hofu.

Nimebadilisha sili na bado inavuja. Nianzie wapi?

Osha tena, weka poda tena. Mara nyingi sili mpya ni kavu na oili inatoka juu yake, kwa sababu chanzo hakikutafutwa tangu mwanzo. Kama kweli ni sili, uliza: ilikaa sawa au iliingia kwa mshazari? Springi iliruka wakati wa kugonga? Mshale ulielekea wapi? Bomba la kupumulia lilikaguliwa? Krankshafti ilipitishwa ukucha?

Fundi aliyefanya kazi hiyo awepo wakati wa kufungua, na sili iliyotolewa muitazame pamoja. Mdomo wake unaonesha kilichotokea: ukiwa umekunjika upande mmoja, ufungaji ndio wenye kosa, ukiwa umelika upande mmoja tu, shafti inayumba, ukiwa mzima kabisa, rudini kwenye presha ya injini.